King'ora cha Hadithi ya Tano

Saa mbili na robo asubuhi, Bi Gundi anafungua kopo la bati na kurudisha kichwa nyuma. Harufu ya siki inampanda mpaka machoni. Anavaa glavu za pamba, anawasha taa iliyo chini ya kioo cha meza, kisha anauinamia mkanda wa filamu kwa lenzi kama mama anayemtoa mwanawe mwiba.

"Ukisikia siki, ujue filamu inaoza," anasema bila kuinua uso. "Hii imebakiza mwaka mmoja. Miwili, ikijikaza."

Katika ghala hili la filamu za taifa hakuna anayetumia jina lake la kwenye vyeti. Ana umri wa miaka 59, na kwa miaka 33 kazi yake imekuwa kuunga filamu zilizokatika, kwa wembe, mkasi na gundi. Wenzake walianza kumwita Bi Gundi kwa utani, naye hakuona sababu ya kukataa.

Filamu iliyo mezani ilitengenezwa taifa lilipotimiza miaka kumi. Waongozaji sita walipewa robo saa kila mmoja waseme nchi yao ilikuwaje, hadithi zao zikaungwa kuwa filamu moja. Kuna tarishi na baiskeli yake, shule isiyo na madawati, treni ya kwanza, bibi harusi, wanawake wa kiwanda cha nguo waliofungiwa geti baada ya kugoma, na mwisho timu ya mpira. Nakala iliyobaki ni hiyo moja.

Mwaka huu taifa linatimiza sitini. Kamati ya sherehe iliagiza filamu hiyo ikarabatiwe, inakiliwe kwenye kompyuta, ioneshwe upya. Bi Gundi alikuwa ameshaziba matundu 212 yaliyochanika pembeni mwa mkanda ilipomfikia barua fupi: hadithi ya tano, ile ya kiwanda, iondolewe.

Mwenyekiti wa kamati haoni ubaya wowote. "Watu wana shida zao za leo," aliliambia gazeti hili. "Wanakuja ukumbini wakumbuke enzi zao, wafurahi. Geti lililofungwa la nini kwenye sherehe?"

Bi Gundi akiambiwa maneno hayo anacheka, lakini si kicheko cha furaha.

"Enzi zipi hizo zisizo na geti? Mficha uchi hazai. Anayetunza picha za harusi tu ana albamu, hana kumbukumbu. Niliwaambia, mkasi huu hapa, mkono wangu hamuupati."

Ana sababu nyingine, iliyo karibu zaidi na moyo. Mwongozaji wa hadithi ya tano hakutumia waigizaji. Aliwaita wanawake wenyewe wasimame tena pale walipofungiwa. Kamera inapowapitia, wa tatu kutoka kushoto, kitambaa cha kichwani kimelegea, anageuka, anaiona, anacheka. Zinapita sekunde nne. Huyo ni mama yake Bi Gundi, aliyefariki binti akiwa na miaka kumi na mmoja.

"Nyumbani hatukuwa na picha yake hata moja. Nilikuja kumkuta hapa kazini, mwaka wangu wa pili, nikiunga mkanda kama siku zote. Nililia mpaka mkuu wangu akadhani nimejikata na wembe."

Kipande kisichonakiliwa sasa hakitakuwepo tena. "Wao wanasema wanakiweka kando tu. Kinachooza ukikiweka kando, umekizika."

Alipokataa kukata, kamati ilimleta afisa wa kompyuta, mtu mpole na mwenye haya, afanye mwenyewe. Akafuata picha. Bibi harusi wa hadithi ya nne alipoishia, akakata. Wachezaji wa hadithi ya sita walipoanza, akaunga. Kwa macho, kazi ilikuwa safi.

Tatizo ni kwamba katika filamu za aina hii sauti haikai ubavuni mwa picha yake. Huchapwa mbele kidogo, kiasi cha picha ishirini, hata sekunde moja haifiki. Kila muunga filamu hufundishwa hilo kabla ya kushika mkasi. Afisa hakujua, na mwanzo wa sauti ya hadithi ya tano ukabaki mkiani mwa hadithi ya nne.

Je, Bi Gundi hakuona?

"Niliona. Nilikuwa nimekaa palepale na chai yangu. Mtu akikunyang'anya mkasi, ushauri atautaka wa nini? Sikuulizwa."

Jumatano iliyopita filamu ilioneshwa kwa majaribio mbele ya kamati na wastaafu arobaini walioalikwa. Bibi harusi alitabasamu, watu wakapiga makofi. Wachezaji wakaingia uwanjani, na juu yao kikalia king'ora cha kiwanda, "Wuu," kikakatika.

Mzee mmoja wa mstari wa mbele alisimama na fimbo yake. Kwa miaka kumi na minane yeye ndiye aliyevuta kamba ya king'ora hicho.

"Hicho king'ora changu! Nani amekikata? Wanawake wa getini wako wapi?"

"Mzee wangu, kaa kwanza," mwenyekiti alimsihi. "Ni hitilafu ndogo. Tufunike kombe, mwanaharamu apite."

"Sikai! Kile kilikuwa hakinyamazi mpaka mimi niachie kamba!"

Ndipo bibi mmoja wa viti vya nyuma alipoanza kuwataja wenzake waliosimama getini, mmoja mmoja, kwa sauti. Bi Gundi, aliyekuwa amejiegemeza mlangoni, akasikia likitajwa jina la mama yake.

Kamati bado haijaamua. Yeye, akiwa na miezi mitatu kabla ya kustaafu, amepewa barua ya onyo, ambayo kwa sasa inafunika kikombe chake cha chai nzi wasiingie.

Hadithi ya tano anaiziba saa za chakula cha mchana, na siku hizi asubuhi pia. Mpiga king'ora huja kila siku kukaa kwenye benchi la mlangoni.

"Umemaliza, mwanangu?"

"Bado, baba. Mpaka Alhamisi."

"Nina miaka themanini na sita mimi. Usinipe Alhamisi nyingi."

Mashine ya kunakili ni ya kuazima, inaondoka Jumamosi. Bi Gundi amemjulisha mwenyekiti kwa maandishi kwamba Ijumaa atanakili hadithi zote sita.

"Akitaka tano, aje akate mwenyewe, tena mbele ya mzee huyu. Siku ya sherehe wajukuu zangu watakaa mstari wa mbele wamwone mama wa bibi yao akicheka. Sekunde nne tu. Waje waninyime hizo, tuone."

Anainama tena kwenye mwanga. Yamebaki matundu kumi na sita.