Gauni Ambalo Hakulishona

Mtaani kwetu mafundi cherehani walikuwa wengi, lakini Fundi Mistari alikuwa mmoja tu. Jina hilo alilipata kwa kupenda vitambaa vya mistari myembamba na kwa kujua kuilinganisha. Mstari wa mkono ukikutana na mstari wa bega, hungeona palipokatwa. Alikuwa mtu mpole, asiyegombana na mteja hata kwa kifungo, na ugonjwa wake ulikuwa mmoja, wivu. Wala haukuwa wivu wa kelele. Wake ulikuwa wa kulala na jambo tumboni mpaka lichache.

Mkewe alikuwa mtangazaji wa televisheni. Siku hizo kituo kilikuwa kimoja, picha nyeusi na nyeupe, na kazi ya mama huyo ilikuwa kukaa mbele ya kamera kati ya kipindi na kipindi, awaambie watu wametazama nini na sasa watatazama nini. Nguo zake za kazini alishonewa na mumewe. Fundi aliridhika na hilo. Macho ya watu yakimtazama mke wangu, alijiambia, yanatazama na kazi ya mikono yangu. Ila yeye mwenyewe hakuwahi kumwona akitangaza. Televisheni zilikuwa kwenye nyumba za wakubwa, na hakuwa mtu wa kuchungulia madirisha ya watu.

Halafu kinyozi wa jirani akanunua televisheni.

Aliiwasha asubuhi, na vipindi vilikuwa vinaanza alasiri. Wateja walikaa kimya wakitazama lile duara lenye mistari ambalo kituo huonyesha kupimia mitambo kabla ya vipindi, mpaka mzee mmoja akauliza kama mhusika mkuu atachelewa. Fundi alicheka na wenzake. Alikuwa na furaha, kwa kuwa mkewe alikuwa ameondoka na gauni jipya la mistari lililomchukua wiki nzima. Kifungo cha shingoni alimfunga mwenyewe, pale mlangoni.

Wimbo wa taifa ulipopigwa watu walisimama, mmoja akiwa na povu nusu ya kidevu. Mkewe akatokea, akawasalimu watazamaji. Fundi akasogea mbele. Akamwomba kinyozi ageuze antena kidogo, maana picha haikuwa sawa. Kinyozi akapanda, akageuza, picha ikatulia kama maji ya mtungi. Mkewe alikuwa amevaa gauni jeusi, la kola nyeupe, lisilo na mstari hata mmoja.

Kikaja kipindi cha watoto, vikaragosi vikapigana kwa vijiti, na watoto waliojaa sakafuni wakacheka hadi machozi. Fundi hakuviona. Alikuwa akingoja mkewe arudi, na aliporudi akamkagua kifundi. Bega lilikuwa limelala. Kiuno kilikuwa kimeshika bila kukunja. Hapo ndipo roho ilipomruka. Nguo ya dukani haikai mwilini namna ile. Aliyeikata ameshapitisha futi kwenye mwili ule, kifuani, kiunoni, begani, na mtu huyo si yeye.

Kinyozi naye hakuwa kipofu. Alikuwa akinoa wembe, akasema kama anayezungumza na wembe wenyewe: "Lakini shemeji asubuhi si alipita hapa na lile la mistari?"

"Hilo jeusi nalo nimelishona mimi," Fundi akajibu. "Analiweka kazini, la akiba."

"Basi hongera. Limemkaa kuliko yote."

Sifa hiyo ilimchoma kuliko tusi. Bwana shamba akaja kueleza habari za wadudu wa mahindi, na Fundi akamtazama bwana shamba kwa jicho la pili: ni kijana, meno meupe, na yuko kituo kimoja na mkewe. Mkewe akatokea tena, na safari hii, kabla ya kusema neno, akatupa jicho pembeni na kutabasamu. Hakuwatabasamia watazamaji. Alimtabasamia mtu aliyesimama karibu na kamera. Ikaja taarifa ya habari, na msomaji wake alikuwa mwanamume wa kifua kipana na tai iliyofungwa vizuri mno. Fundi akamtia naye kwenye orodha iliyokuwa kichwani mwake. Kufikia kipindi cha michezo, hata refa alikuwa hana usalama.

"Kikulacho ki nguoni mwako," mteja mmoja akasema, akizungumzia kunguni wa nyumbani kwake. Fundi akainuka, akaenda kufunga duka.

Zamu ya mkewe iliisha baada ya habari. Alirudi nyumbani akiwa amevaa gauni la mistari, kifungo cha shingoni kimefungwa kama alivyokifunga mumewe. Fundi alitazama hicho kifungo muda mrefu. Mwanamke aliyebadili nguo mchana akairudisha jioni, ana la kuficha. Hata hivyo hakuuliza alilotaka kuuliza. Alitega.

"Nguo ilikaaje leo?"

"Ilikaa vizuri," mkewe akasema, akivua viatu. "Wote wameisifu."

Fundi akala chakula chake chote, asijue amekula nini.

Kesho yake hakufungua duka. Aliweka kifungo kimoja mfukoni, kiwe kisingizio cha kumpelekea mkewe, akatia guu njiani. Mlinzi wa kituo alimpokea kwa bashasha, akamwambia shemeji leo umetukumbuka, akamkalisha kwenye benchi la ukumbini mbele ya mlango wenye taa nyekundu. Taa ikiwaka, akamwonya, hata kukohoa ni marufuku. Fundi akakaa. Kila mwanamume aliyepita alimpima kwa macho. Yule msomaji habari alipita bila koti, na ikaonekana kwamba kile kifua kipana kilikuwa cha koti.

Taa ikazimika, mlango ukafunguliwa, akatoka mkewe akizungumza na fundi mitambo, mtu mzima mwenye mvi. Alikuwa amempa Fundi mgongo. Na mgongoni, kuanzia shingoni hadi kiunoni, lile gauni jeusi lilikuwa limekusanywa na kubanwa kwa vibanio vya kuanikia nguo.

Fundi alisimama. Lilikuwa gauni kubwa, la mwanamke mnene, kitambaa kimejazana nyuma kama gunia lililofungwa kwa haraka. Ule ukataji uliomnyima usingizi ulikuwa wa vibanio.

Mkewe aligeuka, akamwona, na uso ukamshuka. Fundi mitambo ndiye aliyeeleza, kwa kuwa hakujua kama kuna la kuficha. Gauni lile lilikuwa la kituo, hutundikwa kwenye msumari, na mtangazaji yeyote aliyekuja na nguo isiyofaa hulivaa. Akamwita Fundi ndani aone. Akalishika mbele ya kamera gauni la mistari, ambalo mkewe alikuja nalo tena siku hiyo, na kwenye kioo cha televisheni ya studio ile mistari iliyolinganishwa wiki nzima ikaanza kuchemka. Ilitetema, ikapanda na kushuka kama siafu waliomwagiwa maji. Kamera haiwezi mistari myembamba, akasema, wala si kosa la mshonaji. Na mama huyu, kila akitaka kutangaza, mimi humkumbusha kwa ishara asigeuke, vibanio visionekane. Naye hucheka.

Fundi alishukuru kwa adabu, akatoka. Mkewe akamfuata hadi ukumbini.

"Tangu lini?"

"Tangu lile la kwanza la mistari."

"Na hukuniambia."

"Ningekuambia vipi, mume wangu? Ulikuwa unashona huku unaimba." "Na wewe ungeniuliza. Kumbe umekuja kunivizia."

Fundi alikitoa kile kifungo mfukoni, akakirudisha.

Siku chache zilizofuata nyumba ilikuwa na ubaridi. Walisalimiana, walikula, lakini maneno yalikuwa ya juujuu. Fundi alikuwa amepona shaka ya mwanamume, ikamjia nyingine iliyo nzito zaidi: kama mkewe aliweza kumwambia nguo imesifiwa na haikusifiwa, ni mangapi mengine amesifiwa kwa kuhurumiwa? Alimwuliza kuhusu suruali aliyomshonea kaka wa mkewe. Mkewe akamwambia ukweli, kwamba mguu mmoja ulikuwa umepinda. Iliuma, lakini jioni hiyo walizungumza.

Alishona gauni jingine, la rangi moja. Siku mkewe alipolivaa, Fundi hakwenda kwa kinyozi kukagua, alibaki kwenye cherehani. Mkewe aliporudi, Fundi akamwuliza jambo ambalo miaka yote hakuwa amewahi kumwuliza, kwamba kazi yenyewe ikoje, taa ile nyekundu ikiwaka mtu anasikiaje.

Mkewe alifikiri. Akasema mpaka leo magoti humtetemeka, na hushukuru kwamba pana meza ya kuyaficha. Fundi akaacha kukanyaga cherehani, akavuta kiti, akamwambia aendelee.