Ndiyo za Cherehani

Kwao walimpachika jina la Cherehani kwa sababu mdomo wake ulikuwa haupumziki. Mama yake akimtuma dukani humwonya kabisa: "Usisimame na mtu njiani. Chumvi naitaka leo, si kesho." Basi alipopata nafasi ya kwenda nje kusomea tiba ya viungo, hakuna aliyemwonea huruma kwa upweke. Dada yake alisema wa kuonewa huruma ni wenyeji wa huko.

Kumbe. Lugha ya ugenini alikuwa ameisoma kwa mwalimu aliyetamka neno moja moja kama mtu anayepanga mayai. Wenyeji wenyewe walizungumza mbiombio, wakimeza nusu ya maneno, na utani wao ulikwisha kabla hajajua kama umeanza. Akicheka, alijikuta anacheka peke yake, wenzake wameshahamia jambo jingine. Ndipo akajibunia njia: asiposikia, anatabasamu na kusema "Ndiyo." Ndiyo hiyo ilimwokoa mara nyingi. Pia ilimwingiza kwenye kwaya, yeye asiyejua kuimba, na likizo moja akajikuta analea paka wa jirani yake wa bwenini, ingawa yeye mwenyewe, paka akikatiza tu mbele yake, hupanda juu ya kiti kwa hofu.

Kitu kimoja hakikumtia hofu: kazi ya mikono. Katika darasa la vitendo walipangwa wawili wawili, na yeye akapewa kijana mmoja mrefu aliyeteguka bega akicheza mpira wa wavu. Alimlaza kwenye kitanda chembamba, akamshika kiwiko, akauinua mkono taratibu mpaka sura ya mwenzake ikakunjamana.

"Panauma hapa?"

"Kidogo."

"Na hapa?"

"Hapo ndipo ninapokuchukia."

Cherehani alicheka, na kwa mara ya kwanza alicheka kwa wakati wake. Lakini wakishatoka darasani hadi kwenye korido, ulimi uliganda tena.

Kwenye simu na dada yake kijana yule aliitwa Bega. Dada alitaka kujua kila kitu. Bega alimsubiri mlangoni baada ya kipindi. Bega alimnunulia chai kantini. Siku moja, wakivuka barabara, Bega alimshika mkono na hakuuachia haraka.

"Basi anakutaka," dada akasema.

"Huyu mtu anamkumbatia mpishi, anamkumbatia mlinzi wa geti. Nitajuaje?"

"Na mlinzi huvushwa barabara kwa kushikwa mkono?"

Kila Bega alipomtazama, Cherehani alijiuliza yaleyale. Je, huu ni urafiki tu wa watu wa huku, naye anajipa matumaini? Au ni zaidi, na yeye ndiye anayemdhalilisha mwenzake kwa kujifanya haoni? Kumuuliza hakuthubutu. Maneno ya misuli na mifupa alikuwa nayo tele. Ya mambo haya hakuna aliyemfundisha.

Siku moja Bega akamwambia, "Jumapili uje kwetu tule mchana. Wazazi wanataka kukuona." Safari hii alisikia kila neno, akatamani asingesikia.

Dada alipopewa habari alipiga kelele. "Umeitwa ukweni!" Simu ikanyang'anywa, sauti ya shangazi ikaingia. "Vaa gauni refu. Na usiongee sana."

"Shangazi, huku siongei kabisa."

"Alhamdulillahi. Tumeliomba hilo tangu ulipoota meno."

Jumamosi yote alisimama mbele ya kioo akikariri: asante kwa kunikaribisha, nyumba yenu ni nzuri, nimeshiba. Jirani yake mwenye paka aligonga ukuta akauliza anaongea na nani.

Nyumbani kwa kina Bega kulikuwa ghorofani, ngazi nyembamba, viatu vimepangwa mlangoni. Baba mtu alikuwa fundi umeme, mtu wa maneno machache, na hilo lilikuwa faraja. Walikula vizuri. Cherehani alisema sentensi zake zote tatu, zikaisha hata kabla sahani hazijaondolewa. Mama mtu aliposimama kuosha vyombo, yeye akakimbilia kitambaa cha kufutia, maana sahani haiulizi maswali.

"Tumefurahi umekuja," mama akasema, mikono imezama kwenye povu. "Tangu mlipoanza, mwanangu habari yake ni wewe tu. Siku hizi hata chumba chake anafagia."

Tangu mlipoanza. Cherehani aliligeuza neno hilo huku na huku. "Kuanza... masomo?"

Mama alicheka, akamgusa shavu kwa kidole chenye povu. "Kumbe mcheshi pia!"

Sahani ilimponyoka, bahati akaidaka. Kuanzia hapo hakusikia tena kilichosemwa. Aliagana nao, akashuka ngazi, Bega akimsindikiza kituoni.

Kwenye kona akasimama. "Mimi kwako ni nani?"

Bega alishangaa. "Mpenzi wangu. Si tulikubaliana?"

"Lini?"

"Kwenye korido, siku ya mtihani wa uti wa mgongo. Nilikuuliza kama utakubali tuwe pamoja. Ukatabasamu, ukasema ndiyo."

Cherehani aliikumbuka siku hiyo: watu wamejaa, vitanda vya magurudumu vinapita, kila mtu anapiga kelele. "Mimi nilidhani unaniuliza kama mtihani ulikuwa mgumu."

Bega alikaa kwenye ukuta mfupi wa nyumba ya watu. Masikio yalikuwa yamemwiva. "Kwa hiyo muda wote huu nina mpenzi, na mpenzi mwenyewe hana habari." Akasimama tena. "Haya. Nakuuliza sasa."

Ile ndiyo ilikuwa tayari kwenye ncha ya ulimi, imezoea kazi. Akamfikiria mama na povu lake, shangazi na gauni refu, na darasa lile ambalo mlangoni pake hapatakuwa na mtu wa kumsubiri.

"Sijui," akasema. "Napenda kukaa na wewe. Lakini sikuchagua. Nipe muda."

Basi likaja. Bega alimuaga kwa kichwa tu.

Kipindi kilichofuata, kwenye kitanda cha mazoezi alikuta msichana mmoja mwenye miguu ya baridi. Mkufunzi alisema Bega ndiye aliyeomba kubadilishwa. Cherehani alifanya kazi yake vizuri, akaenda kantini, akakaa peke yake na chai mpaka ikapoa. Jioni alimsimulia dada yake yote. Dada alicheka mpaka akapaliwa, kisha akatulia.

"Lakini wewe unamtaka?"

Swali hilo hakuna aliyekuwa amemuuliza, hata yeye mwenyewe. Muda wote alikuwa akihangaika na anachotaka Bega. Akagundua kwamba yule wa miguu ya baridi amemkasirisha bila kosa lolote ila kwamba si Bega.

Kesho yake mchana alimfuata Bega kwenye ukumbi wa michezo. Bega alikuwa kwenye benchi akiwatazama wenzake wakipiga mpira. Cherehani aliketi kando yake.

"Mimi nusu ya unayosema hunipita," akamwambia. "Nasema ndiyo kwa sababu naogopa utachoka kurudia."

Bega alitazama mikono yake. "Mimi siku ile niliongea haraka makusudi. Niliogopa ukisikia vizuri utakataa."

Mpira uligonga ukuta nyuma yao.

"Rudia basi," Cherehani akasema. "Polepole."

Akarudia. Neno moja la mwisho likamezwa na filimbi, naye akamwomba alirudie tena hilo peke yake. Akalirudia. Hofu haikuondoka, ilikaa palepale kifuani, lakini safari hii alijua anachojibu. Akamwambia anataka, ila kwanza wazazi wasiambiwe chochote zaidi, wa huku wala wa kule, mpaka wajuane vizuri.

Bega akakuna kichwa. "Mama ameshawaalika wajomba waje kukuona. Jumapili ijayo."

Cherehani alifunika uso kwa viganja vyote viwili. "Wajomba wangapi?"