Sahani Ambayo Hakuirudisha

Siku ya Pasaka mke wangu aliweka kijiko mezani akaniambia ladha imerudi. Mionzi aliyopigwa shingoni mwaka uliotangulia ilikuwa imeumaliza uvimbe, lakini iliondoka na ladha yote mdomoni mwake. Daktari alisema inaweza kurudi na inaweza isirudi. Kwa hiyo aliposema imerudi, sikuuliza maswali. Niliomba ruhusa shuleni Ijumaa moja, tukafunga nyumba yetu Kahama, tukaenda Mwanza siku mbili kula.

Kula tu. Wengine huenda Mwanza kwa harusi au kwa biashara, sisi tulifuata sahani. Tulianza maisha pale, walimu wapya wa Igoma, na sehemu tulizozipenda tungezifikia tukiwa tumefumba macho.

Enzi hizo mke wangu alikuwa mteja wa kuogopwa. Ni Mhaya, amekulia migombani, na kwenye chakula hadanganyiki. Tonge la kwanza alilitafuna polepole, macho juu, kama mtu anayesikiliza simu yenye mtandao mbovu. Kisha anatoa hukumu: samaki huyu ni wa jana, mafuta haya yamekwisha kukaangia kitu kingine. Sahani inarudi jikoni, kwa adabu, kwa sauti ya darasani. Mimi nilitamani kuingia chini ya meza. Nakula ninacholetewa, basi. Hata nyumbani, akipika na kuniuliza chakula kikoje, namjibu kizuri. “Kizuri vipi?” anauliza. Swali hilo limenikera miaka thelathini. Nilizoea kumjibu kwamba kizuri ni kizuri, au anataka nimwandikie insha?

Ijumaa tulikula ndizi kwa nyama kule Igoma. Alisema “tamu” kabla tonge halijafika kooni. Hilo nililiona, likanichoma, nikalifukuza.

Jumamosi mchana tukaenda upande wa Mkuyuni, kwenye mgahawa ulio kando ya ziwa, wa mama mmoja aliyetuzidi umri. Tulimwamkia, akaitikia marahaba huku akimkazia macho mke wangu, kisha akacheka na kumuuliza kama amekuja kumtesa tena. Alituletea beseni la sato wabichi tuchague. Zamani mke wangu angefunua mashavu ya kila samaki, angenusa vidole, angekataa wawili kwanza. Safari hii alionyesha wa juu kabisa, akasema huyo huyo tu.

Sato alikuja kwenye mchuzi, nusu kwa kila sahani, na ugali pembeni. Nilitangulia kuonja. Chumvi ilinikamata ulimi. Bila shaka mtu alitia, na mwingine akaja akatia tena. Nikaacha kutafuna, nikamwangalia mke wangu. Mimi niliyeomba maisha yangu yote anyamaze mbele ya watu, nilikuwa namwomba Mungu mke wangu anyooshe mkono amwite mhudumu. Alitafuna. Mama mwenye mgahawa alisimama mlangoni pa jikoni, mikono ameiviringisha kwenye kanga, akisubiri hukumu.

“Ni ule ule wa zamani,” mke wangu alisema kwa sauti, ili mama asikie.

Mama akarudi ndani amefurahi. Mimi nikala. Nilikula hadi nikafuta mchuzi kwa ugali, nikashushia chupa mbili za maji. Nilikuwa na hasira na daktari, na mke wangu, na mimi mwenyewe niliyekuwa na haraka ya kuamini. Chini ya hasira hiyo kulikuwa na huzuni nzito mno, kiasi kwamba chumvi ilikuwa jambo rahisi kumeza.

Ndipo bwana mmoja wa meza ya nyuma akamwita mhudumu na kusema mchuzi haulikiki. Mama akatoka, akachovya kidole kwenye sahani ya yule bwana, akakunja uso, akaja kwetu mbiombio. Sahani ya mke wangu ilikuwa imebaki miiba mitupu.

“Mwalimu,” mama akasema taratibu. “Na wewe umeumaliza?”

Mke wangu aliitazama sahani yangu, nayo tupu, kisha zile chupa mbili za maji.

“Ulijua,” akaniambia.

“Nilijua.”

“Tangu lini?”

“Tangu jana, Igoma.”

Alinawa mikono, akajikausha kidole kimoja kimoja. Kisha akanieleza, bila kulia. Hasikii kitu, hata sukari. Chai ni maji ya moto, ndizi ni kitu laini. Ila kila alipopeleka kijiko mdomoni, mimi nilikuwa namchungulia kama mzazi anayesubiri matokeo ya mtihani, naye alikuwa amechoka na uso wangu. Alidanganya ili apumzike. Hilo liliniuma kuliko yote, kwa sababu lilikuwa kweli.

Mama alileta samaki mwingine bila kuagizwa. Akaweka sahani moja katikati ya meza, akaondoka. Mke wangu akaisukuma kwangu.

“Kula wewe,” akasema. “Uniambie kikoje.”

Nikamega tonge, nikachovya, nikatia mdomoni.

“Kizuri.”

“Kizuri vipi?”

Alikuwa amefumba macho, anasubiri. Nililigeuza tonge mdomoni, nikitafuta neno moja katika miaka thelathini yote. Nilianza na chumvi, nikamwambia sasa imekaa sawa. Kisha nikakwama, nikamega tonge jingine kutafuta neno la pili, naye hakufumbua macho.