Sauti Iliyobaki Lodwar

Wekesa alikuwa mtu wa Bungoma, aliyeletwa Lodwar na serikali kutengeneza kompyuta, na kwa miaka mitatu hakuna kazi iliyomnyima usingizi. Ya Abang ilimnyima.

Kila Alhamisi ya pili alipanda pikapu kwenda Kakuma kuangalia kompyuta nane za ukumbi wa kanisa, kule kambini. Zote zilitumia mfumo wa Linux, maana ni ya bure na virusi haviisumbui. Abang, mama wa Sudan Kusini aliyefundisha kuchapa hapo, alimkabidhi kadi ya kamera iliyotoka kwao kwa mkono wa dereva wa lori. Ndani mlikuwa na video moja tu. Simu zote alizojaribu ziliikataa, na kompyuta nayo ikaonyesha weusi mtupu. Tangu uvamizi wa Januari kijijini kwao, mwaka huo wa 2012, mdogo wake wa kiume, Nhial, alikuwa hapatikani kwa simu, na kwa maneno ya dereva video ilipigwa baada ya hapo. Abang hakusema anaogopa nini, na Wekesa hakuwa na haja ya kuambiwa.

Ugonjwa wenyewe aliujua. Linux ile huja bila programu za kufungua video za aina hiyo, kwa kuwa zina wenyewe wanaodai haki zao. Watu wa nje ndio wameziweka kwenye ghala lao mtandaoni, anayezitaka anazifuata huko. Ukumbi haukuwa na intaneti. Basi akarudi Lodwar, akachomeka modemu yake, akashusha faili moja moja kwa siku tatu, mtandao ukikatika na kurudi. Faili la sauti aliliacha. Kompyuta za ukumbini si zilicheza nyimbo za kwaya kutwa? Fundi mzima, akasahau kwamba sauti ya wimbo na sauti ya kamera hazifunguliwi na programu moja.

Alhamisi iliyofuata ya zamu yake, picha ikafunguka. Mama yake Abang, mzee, kwenye kigoda, wajomba wawili, wake za ndugu, watoto. Mama alikuwa akisema na kufuta machozi, midomo inakwenda, na hakusikiki kitu. Abang aliweka kidole kwenye kioo, akawahesabu watu wake mmoja mmoja.

"Nhial hayuko," alisema.

Wekesa alijibu kwamba huenda ametoka kidogo, na papo hapo akajiona mpumbavu. Aliahidi kuleta sauti haraka. Lakini Lodwar stima ilipotea siku mbili, na siku zote mbili alijilaani kwa uvivu wake. Jumanne alimdanganya mkubwa wake kwamba kompyuta ya kanisa imeungua, akaondoka.

Aliukuta ua wa Abang umejaa wanawake. Abang alikuwa amenyoa nywele zote kama mfiwa, amekaa chini kwenye mkeka. Shangazi yake, Akon, alimwambia Wekesa kwamba mambo yameshajulikana: mama analia mbele ya ukoo mzima na mtoto mmoja hayupo, sasa anasema nini kingine? Wekesa alitamani kugeuza njia. Aliogopa kuwa yeye ndiye atakayeleta neno lenyewe, mfukoni mwake, kwenye flashi.

Abang aliinuka. "Fundi, mimi nataka kusikia mama mwenyewe," alisema.

Walikwenda ukumbini, wanawake nyuma yao. Wekesa aliweka lile faili, nywila akaikosea mara mbili. Kisha akaianzisha video.

Sauti ya kwanza ilikuwa ya mwanamume. Ilisikika kwa karibu sana, kabla mama hajafungua mdomo, nene kuliko zote, na hakuna mwanamume pale kwenye picha aliyekuwa akiongea. Wekesa hakuelewa lugha. Aliona tu Abang ameshika meza kwa mikono miwili.

"Ni nani huyo?" aliuliza.

"Nhial," Abang alisema. "Anawaambia wakae karibu-karibu. Ni yeye ameshika kamera."

Akairudisha video mwanzo, akaisikiliza sauti ile tena, na tena, mama yake asipate nafasi ya kusema hata neno moja.