Mgongo wa Alfons Nowotka

Kwa miaka thelathini na moja Alfons Nowotka hakujisugua mgongo mwenyewe. Kila tulipotoka chini mgodini tulisimama uchi bafuni, weusi kwa makaa, kila mtu akimsugua mwenzake. Mgongo wa Alfons ulisuguliwa na Horst Pawellek, wa Horst na Alfons. Kisha mgodi ukafungwa. Bafu lile sasa ni duka la vigae, na kila mtu anajisugua kwake, kwa brashi ya mpini mrefu.

Mwaka jana Alfons alipooza mkono wa kulia. Muuguzi alikuja kumwogesha mara tatu, naye akamfukuza mara tatu.

“Baba, ukimfukuza tena, unahamia nyumba ya wazee,” alisema binti yake, Renate.

Jumamosi Renate akamleta Horst.

“Inama, bwana. Unanuka kuliko farasi.”

“Na wewe una mikono ya bibi harusi. Kaza.”

Alipomaliza, Horst akachukua koti lake. Alfons akaokota brashi kwa mkono wa kushoto.

“Unakwenda wapi? Vua shati, geuka.”

Horst akavua. Siku hizi muuguzi huja kupima presha tu.