Nimepanda Baiskeli ya Kike Mnadani Mtinko

Niwieni radhi kwa kimya kirefu, lakini la leo siwezi kulinyamazia.

Nimeendesha baiskeli ya kike mbele ya mnada mzima wa Mtinko.

Baiskeli yangu ina bomba la juu, na goti langu limekataa kulivuka. Tangu mavuno naisukuma tu hadi shamba la alizeti, kama mgonjwa ninayempeleka zahanati. Nikiacha kuendesha, nitaanza kusubiri wajukuu wanipeleke shambani kwangu mwenyewe. Hilo silitaki.

Muuzaji wa baiskeli za mtumba akaniambia, "Shikamoo, mzee. Hii haina bomba. Unaingia kama unaingia mlangoni."

Nikapanda.

Mtani wangu Mzee Kitundu, ambaye tumezeeka naye, akapaza sauti: "Mpisheni bibi, anawahi kliniki!"

Watu wakacheka hadi ng'ombe wakageuka.

Nililizunguka zizi lote la mnada, mgongo umenyooka, na goti halikuuma hata kidogo.

Niliporudi, mtani alikuwa hacheki tena. Alikuwa akimnong'oneza muuzaji: "Unazo nyingine za namna hii?"

"Ni hiyo moja tu, mzee."

Muuzaji amekubali kuniwekea hadi mnada ujao. Mtani ameapa kwamba nisipoichukua, ataichukua yeye ampelekee mkewe.

Mkewe hajawahi kupanda baiskeli maishani mwake.

Ninyi mngefanyaje? Nishaurini, kwa adabu. Nikishaamua nitawaandikia, isipokuwa kama mtakuwa mmekwisha kuniona barabarani.