Jina Nililoliruka

Nakumbuka asubuhi moja Darsait, mtaani kwetu Maskati, mwanangu.

Nimekaa na mama, bibi yako, sebuleni kwetu, pale juu ya duka la fundi cherehani. Kahawa tumeshakunywa, tende zimefunikwa, na mkononi nna kitabu changu cha kwanza. Kitabu chenyewe kilikuwa hakitakiwi Maskati. Ofisini wanakokagua vitabu walinambia kinachafua heshima za familia. Nikakichapisha nje. Ulipofika msimu wa maonyesho ya vitabu mchapishaji akakileta, na kabla ya adhuhuri wakaja watu wawili wenye adabu zao, wakavikusanya vyote mezani mbele ya macho yangu, wakavitia maboksini. Mmoja akanambia, "Samahani, dada." Samahani! Hata kumtukana nikashindwa.

Nilichookoa ni kimoja tu, kilichokuwa mkobani mwangu. Basi siku zile sina mazungumzo mengine. Kila anayeingia kwetu namwambia wale ni waoga, wanaogopa karatasi, mie siogopi mtu. Nlikuwa kijana bado, na ushujaa ulinipanda kichwani, sikwambii. Mama alinisikiliza mpaka akachoka, akasema, "Basi hebu nisomee na mie, nikijue hicho walichokikataa."

Hapo nikakibana kitabu kifuani. Kwani kitabu kile kilikuwa habari yake yeye. Khaloo, mdogo wake mama, ndiye aliyenipa siri ile siku moja tukimenya vitunguu, akaniapisha. Mama, kabla ya kuolewa na babangu, aliwahi kuolewa Unguja akazaa mtoto wa kike. Alipoachwa, watu wa mume wakamzuia mtoto, na mama akaja huku mikono mitupu. Na babangu, Mungu amrehemu, alipomwoa alisema jina la mtoto yule asilisikie nyumbani mwake. Halikusikika tena. Mama hakujua kuwa mie najua.

Nikaanza kusoma, nikimtilia Kiswahili mstari kwa mstari, maana Kiarabu cha sokoni mama alikimudu, cha vitabuni kilimpita. Nikamsomea harusi, nikamsomea nyumba, nikamsomea mawifi na maneno yao, akacheka. Kila nikifika penye mtoto, naruka. Kurasa nyengine nikazifunua mbili mbili.

Lakini mama alikuwa mtu wa chuo cha Kurani, mwanangu. Herufi za msahafu alizijua tangu utotoni, na mazoea yake ni yale yale ya chuoni: anayesomewa hufuatisha kwa kidole. Kidole chake kikasimama.

"Ngoja," akasema. "Sini. Lamu. Mimu." Herufi ya mwisho hakuitaja. "Jina hili naliona hapa, na pale juu, na kwenye ule ukurasa uliouruka. Mbona kinywani mwako silisikii?"

"Mama, niliona haya. Nlichelea kukuumiza."

"Kuniumiza!" Hakupandisha sauti, heri angelipandisha. "Hao wenzio wa ofisini wamewakataza watu kitabu. Wewe umenikataza mie mtoto wangu. Miaka yote hii nangoja mtu mmoja alitamke jina lake humu ndani. Wewe unalijua, umeshawaambia walimwengu, mie ndiye wa kurukwa?"

Nikarudi ukurasa ule kwa pupa nimsomee. Mlango ukafunguka, ndugu yangu, baba yako, kaingia na mkate wake, na mama akavuta kanga akakifunika kitabu. "Basi," akasema, "nshachoka." Nilimwomba kesho yake, na siku nyingi baada ya hapo. Kila nikimwomba ananambia nimwache apumzike. Akafariki hajasomewa.

Nyani haoni kundule. Leo naalikwa miji ya watu, napigiwa makofi, naitwa mwanamke asiyeogopa. Kitabu bado kinaingia nchini mwetu masandukuni, kimefungwa ndani ya nguo. Na mie nikiyasikia makofi yale, ninachokiona ni kidole cha mama kimesimama juu ya karatasi. Uchungu wake hautoki, mwanangu, usidanganywe na wanaosema unatoka.

Sasa jana umeniletea riwaya yako, umekaa pale pale alipokaa bibi yako, ukanambia kwa furaha, "Shangazi, sura ya mwisho nimeitoa mwenyewe, wasije wakaikataa." Khaa! Nani kakutuma? Kikulacho ki nguoni mwako. Mkasi wa ofisi una mwenyewe, utamjua, utagombana naye, hata utamshinda siku moja. Mkasi wako wewe utagombana na nani? Irejeshe sura ile. Wakiikataa, wameikataa wao. Na yule ambaye habari ni yake, nenda kwake kabla ya mchapishaji, umsomee yote, hata akulilie, hata akufukuze. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Nami nakwambia, na aliyezaa asifichwe mtoto wake.

Mungu akukunjue kifua, autie nuru mkono wako, na yule unayemwandika akuwekee hai mpaka umalize kumsomea.

Na jambo moja baba yako hajakwambia. Unaye shangazi mwengine, Unguja. Yu hai au kafa, sijui. Nimemwandika kitabu kizima na sikuwahi kumtafuta. Anaitwa Salma. Hebu litamke, mwanangu. Kwa sauti, humu humu ndani.